Hatua Sita Nyuma

Nianze na kosa langu, maana nisipolisema mimi watalisema majirani wa Kigera, na wao wataongeza chumvi. Mimi ndiye niliyekwenda kwa balozi wa mtaa wetu kumwambia kwamba Mama Wegesa anamroga mume wake. Sikusimuliwa na mtu. Niliona kwa macho yangu haya, siku tatu mfululizo, jua halijatoka: Bernado Masatu mbele, kaptula na raba zilizochoka, anarusha mikono kama mgambo, mke wake nyuma, hatua sita kamili, midomo inacheza. Kila baada ya muda mwanamume anaitikia peke yake. Nikasema huyu ameshashikwa. Nina diploma yangu ya ualimu, lakini chuoni hatukufika kwenye somo la mambo ya alfajiri.

Nimekiri. Sasa nitoke njiani, kwa sababu habari yenyewe ni ya Hyasinta, huyo huyo Mama Wegesa, na mengi alinisimulia mwenyewe baadaye, siku aliyoamua kunisamehe.

Ilianza na tangazo. Kiwanda cha kufuma alichofanyia kazi Bernado kilikuwa kimelala miezi minane; leo spea hakuna, kesho umeme umekatwa, keshokutwa mkurugenzi yuko safarini. Halafu likabandikwa karatasi getini: kiwanda kimepata mwenyewe mpya, watu watachukuliwa upya, na watakaochukuliwa ni wale wenye “afya njema na ari ya kazi.” Daktari atapima kila mtu. Ari ilikuwepo tele hapo Kigera. Afya ndiyo ilikuwa imesafiri.

Nyumbani kwa Bernado watu hawakuwa wanazungumza, walikuwa wanapigiana kelele. Miaka kumi na tisa mwanamume alikaa kwenye banda la kufumia, na mle ndani mashine zikinguruma zote kwa pamoja hata radi huisikii. Wafumaji wanaongeaga kwa mikono. Vidole viwili vikikatana, uzi umekatika. Kiganja shavuni, msimamizi anakuja. Bernado alirudi na lugha hiyo mpaka mezani: akitaka chumvi anasugua vidole, akikubali jambo anainua kidole gumba. Mke naye akazoea kusema kila neno kwa sauti ya kuita mtumbwi ulioko mbali. Ukipita njiani utasema wanagombana, kumbe wanaulizana kama mboga imeiva.

Eliasi, aliyekuwa mfumaji mwenzake, alikuja kuwasalimia Jumapili moja kutoka Bunda. Mwenye kiwanda mpya alikuwa amechukua pia jineri ya pamba huko, na watu wa Bunda walipimwa kwanza.

“Chumvi acha,” Eliasi alisema, huku akiipiga kelele ile ya kazini ili Bernado apate. “Gongo acha kabisa. Lala mapema. Maji kunywa, na asubuhi tembea mpaka jasho likutoke. Presha inashukaga. Mimi yangu ilishuka kwa wiki sita.”

“Hayo anaweza,” Hyasinta akasema.

“Sijamaliza, shemeji.” Sauti ikashuka. “Daktari anakugeuza uangalie ukutani. Anarudi nyuma hatua sita, ananong'ona. Wewe unatakiwa urudie alichosema. Ukishindwa hakugombezi. Anaandika, anakwambia utaitwa.”

“Na wanaitwa?”

“Tangu mwezi wa tatu hajaitwa mtu.”

“Sasa masikio yanahusu nini na kufuma? Wafumaji wote ndivyo walivyo.”

“Ndiyo sababu. Tajiri hataki kununua kiwanda na viziwi wake. Anaogopa wakaja kumdai fidia ya masikio yaliyoharibiwa na tajiri aliyemtangulia.”

Bernado alikuwa anawatazama midomo, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayefuata mpira. “Anasemaje?” akauliza.

Hyasinta alifungua mdomo apige kelele kama kawaida, akaufunga. Ukuta wao ulikuwa wa tofali moja, na upande wa pili nilikuwa mimi, nasahihisha madaftari. Jambo hili likitoka nje, likifika getini, Bernado hatapimwa hata hiyo presha. Akamwelekeza mume wake kwa vidole, polepole, mpaka akaelewa. Bernado aliangalia raba za mtoto wao chini ya kitanda. Wegesa alikuwa amerudishwa kutoka bwenini mara mbili mwaka huo kwa kukosa ada.

“Hizi zitanitosha?” akauliza.

*

Ndivyo zilivyoanza zile asubuhi. Hyasinta alimwamsha saa kumi na moja, muda ule ule wa shifti ya kwanza, akampa kikombe cha maji ya uvuguvugu, wakatoka. Mchana alimpikia sato bila chumvi, na Bernado alimtafuna kama anayetafuna barua ya kufukuzwa kazi.

“Kula,” mke alimwambia. “Kazi yako ya sasa ni kupona. Na hii haina likizo.”

Gongo aliiacha kwa siku nne, akaanguka siku ya tano, akasimama tena. Mwezi wa kwanza tumbo likaanza kurudi ndani. Mwezi wa pili nesi wa zahanati akamfunga mpira wa presha mkononi, akaangalia, akaufungua na kuufunga tena kwa kutoamini.

Masikio ndiyo yalikuwa kazi. Kwetu mke kutembea nyuma ya mume si habari, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa mwanzoni. Alianza hatua mbili.

“Moja,” alinong'ona.

Kimya.

“Moja.”

Kimya. Lakini siku hadi siku, sijui ni ule ukimya wa miezi minane, sijui ni mazoezi, masikio ya Bernado yakawa kama kisima kilichoachwa kuchotwa. Maji yalirudi kidogo kidogo. Alisikia majogoo. Akasikia ndala za mkewe. Hatua mbili zikawa tatu, tatu zikawa sita. Hyasinta alipogundua kwamba namba anazikisia tu, kwa sababu baada ya saba mjinga gani hajui inakuja nane, akahamia kwenye samaki.

“Sangara.”

“Sangara,” akaitikia mume.

“Gogogo.”

“Gogogo.”

Na hapo ndipo mwalimu wenu, aliyetoka kwenda chooni, aliposimama na kopo lake mkononi, nywele zimemsimama.

*

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Hamduni, fundi viatu. Mashauri yote aliyasikilizia kwenye benchi lake la kazi, kiatu cha mtu kimebanwa katikati ya magoti. Siku hiyo walikuja watu kumi, na mume na mke wenyewe. Mimi nilivaa shati la mikono mirefu, kwa kuwa ni shahidi.

“Mama Wegesa,” Hamduni alianza, “sikuiti kwa ubaya. Watu wanasema unamfuata mzee wako alfajiri unamsomea vitu mgongoni.”

“Watu gani?”

Macho ya Hyasinta yalinipitia, hayakusimama.

“Mwalimu,” balozi akasema, “ulisikia nini?”

“Nilisikia sangara,” nikasema. “Halafu gogogo.”

Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kusogea nyuma.

Sentensi moja tu ingemwokoa: ninamfundisha mume wangu kusikia. Lakini Dorotea, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikatoliki, alikuwa amekaa pale mbele, na mdogo wake alikuwa akingoja nafasi hiyo hiyo kiwandani. Kabla jua halijazama habari ingekuwa getini. Hyasinta akamgeukia mume wake. Bernado alikuwa anaangalia mikono yake juu ya magoti, na mikono yenyewe kwa mara ya kwanza haikuwa inasema kitu.

“Namsalia rozari,” Hyasinta akasema.

Mzee Hamduni alipiga msumari mmoja kwenye soli, akafikiri. “Mimi rozari siijui, mama yangu. Lakini hiyo ya kwenu ina sangara ndani?”

“Kila tendo naombea kitu. Siku hiyo niliombea kitoweo.”

Safari hii watu walicheka kweli. Dorotea hakucheka.

“Rozari haisaliwi mgongoni kwa mtu kama wizi,” alisema. “Kesho tutakuja tusali wote, kwa sauti. Mwenye nia njema hatakataa.”

“Baba Wegesa,” balozi akapaza sauti, “wewe mwenyewe unasemaje?”

Bernado aliinua kidole gumba. Kwamba amekubali nini, hakuna aliyejua.

Kesi ikaisha bila faini, na kesi isiyokuwa na faini ndiyo mbaya, kwa sababu watu hawaoni imeishia wapi. Bombani mwanamke mmoja alisogeza ndoo yake mbali na ndoo ya Hyasinta, taratibu, kwa mguu, kana kwamba mguu umeteleza. Watoto waliokuwa wanamsalimia kwa kelele wakawa wanamsalimia kwa adabu. Alfajiri Dorotea alifika kweli, na wenzake watatu, wakamsindikiza Bernado mpaka njia panda na kurudi huku wakiimba. Huwezi kumfundisha mtu mnong'ono katikati ya kwaya. Ijumaa Hyasinta akafunga nguo kwenye kitenge, akatangaza bombani kwamba wanaenda Butiama kwa kaka yake, kuna palizi ya mihogo. Kufika siku ya kupimwa zilikuwa zimebaki wiki tatu.

*

“Shemeji,” Burito, kaka yake Hyasinta, alimpokea Bernado akiangalia miguu yake, “mbona umekuja na raba? Mihogo yetu haikimbiagi.”

“Anatafuta afya,” Hyasinta akajibu kwa niaba.

“Akamate jembe, afya iko kwenye mpini.”

Jembe alishika, lakini kabla ya jembe walitembea. Walipita barabara ya kwenda Kiabakari, mawe makubwa huku na huku, umande bado uko kwenye majani, na hakuna jirani wala mwalimu. Ukimya wa pale ulikuwa mkubwa mpaka Hyasinta akaona haya kuuvunja kwa majina ya samaki. Hata hivyo siku ya nne samaki walimwishia wenyewe. Alimaliza kamongo, akamaliza ningu, akaingia kwa ndugu.

“Burito.”

“Burito.”

“Jembe.”

“Jembe.”

“Miguu inaniuma.”

“Miguu inaniuma,” akarudia mwanamume, bila kugeuka, anarusha mikono yake.

Kuna maneno hayapigiwi kelele; ukiyapigia kelele yanageuka ugomvi. Ya kwake yalikuwa yamekaa miaka yote hiyo kama nguo ya sikukuu, na sikukuu haiji.

“Usiku wa kumzaa Wegesa nilikuita,” akanong'ona.

“Usiku wa kumzaa Wegesa nilikuita.”

“Ukainua kidole gumba.”

“Ukainua kidole gumba.”

“Nikajua hukusikia.”

“Nikajua...” Mikono ya Bernado iliacha kurushwa. “Nikajua hukusikia.”

Alikuwa anarudia kila neno sawasawa, kama inavyotakiwa, na kila neno lilikuwa linampita. Au Hyasinta alidhani linampita. Akavuta pumzi.

“Kwa balozi ulinyamaza.”

Raba zilisimama kwenye kokoto. Ndege mmoja akapiga kelele juu ya jiwe.

“Kwa balozi nilinyamaza,” Bernado akasema.

Hiyo haikuwa kurudia. Hiyo ilikuwa kujibu, na Hyasinta alisimama hatua sita nyuma akiwa ameshika kitenge kifuani kama mtu aliyepigiwa hodi na mgeni aliyekatiwa tamaa.

“Niliogopa,” mume aliendelea, uso bado uko upande wa Kiabakari. “Nilisema moyoni, mke wangu atastahimili. Kazi haitastahimili.”

“Nilistahimili,” akanong'ona.

“Najua. Niliona ile ndoo.”

Akageuka. Alimwangalia mke wake kama mtu aliyeelekezwa nyumba, amefika, na anataka kuhakikisha namba ya mlango.

“Kumbe sauti yako iko hivi,” alisema.

“Ikoje?”

“Ndogo. Mimi nilikuwaga nadhani ulizaliwa na ile kubwa.”

Kuanzia siku hiyo mazoezi yakaharibika, ukiyaangalia kama mazoezi. Hakurudia tena neno. Alijibu, aliuliza, alibisha, alicheka. Walikwenda wakizungumzia mambo ya miaka kumi na tisa, na mengine hata hayakuwa na maana: nani aliiba bata wa mama mkwe, kwa nini Hyasinta aliukataa ule mtaa wa mwanzo, kama ni kweli alimpenda mumewe kwa sababu ya koti. Burito alilalamika kwamba palizi hii ina mazungumzo mengi kuliko magugu. Jioni walikaa nje ya nyumba, na Hyasinta aliongea kwa ile sauti ndogo mpaka ikaanza kumchosha koo kwa namna mpya.

Siku zikipungua, alijikuta anaomba kitu ambacho hakuthubutu kumwambia padri. Aliomba daktari apate safari. Wiki moja tu. Halafu alikumbuka ada ya Wegesa, akaomba msamaha, na kesho yake akaomba tena.

*

Daktari hakupata safari. Walipimwa siku ya Jumatano, wanaume wameshika mashati mikononi kama watoto wa shule wanaokaguliwa chawa. Kijana wa ofisini, aliyezaliwa Bernado akiwa tayari anachumbia, alimpiga tumboni kwa kalamu akasema, “Mzee, hapa umejitahidi.” Bernado alisema asante.

Hyasinta alingoja ng'ambo ya geti tangu asubuhi. Alipomwona anatoka alijua kwa mwendo. Bernado alivuka barabara, akasogea, akainama sikioni kwake katikati ya watu wote wale.

“Nimepita,” akanong'ona. “Daktari nilimwona kama anapiga kelele. Wewe unanong'onaga chini zaidi.”

Walicheka mpaka mlinzi akawafukuza. Usiku ule alikula ugali mkubwa, akataja majina ya mashine zake namba kwa namba, namba thelathini na mbili ambayo inakataga uzi wa kushoto, thelathini na tatu inayotaka kubembelezwa. Hyasinta aliona uso wake. Ni uso aliokuwa ameuona barabara ya Kiabakari, na alikuwa amefikiri ule uso ni wake peke yake.

Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu. Baada ya miezi mitatu, kupimwa tena, yote, kuanzia presha mpaka mnong'ono. Na aliyeshindwa, ataitwa.

“Basi tutaendelea kutembea,” Hyasinta alisema.

“Tutaendelea.”

Alimsokotea pamba safi ya kuziba masikio, vipande viwili, akavifunga kwenye karatasi. Siku ya kwanza alivirudisha vilevile.

“Mbona hukuvaa?”

“Mashine inaongea, mama. Nikiziba nitajuaje imekasirika?”

“Na mimi?”

“Nini?”

“Nimesema, na mimi?”

“Aa, wewe niko na wewe nyumbani.”

Wiki ya kwanza alirudi kichwa kinavuma, lakini kufika asubuhi kinatulia. Wiki ya tatu hakikutulia. Chumvi hakugusa, gongo hakugusa, presha ilikuwa ya kijana. Nesi alimtolea mfano kwa wagonjwa wengine. Alikuwa amenyooka, anacheka, anaamka kabla ya kuamshwa. Mwezi wa pili Hyasinta alijisikia anaita mtumbwi tena, ndani ya nyumba, kwa ajili ya kumwambia tu kwamba Wegesa ameandika barua. Nilimsikia kupitia ukutani. Dorotea naye alimsikia, akapita kumuuliza kulikoni, mbona mmegombana.

“Hatukugombana,” Hyasinta alimjibu. “Amepata kazi.”

*

Zilibaki wiki mbili mkataba uishe. Asubuhi hiyo walitoka kama kawaida, njia ya kiwandani, Bernado mbele na kopo lake la chakula, mke nyuma. Njia ilikuwa tupu. Niliwaona nikiwa mlangoni, na safari hii sikwenda popote.

“Sato,” Hyasinta alinong'ona, hatua sita.

Bernado alitembea.

“Sangara.”

Akasogea, zikawa hatua nne. Akataja jina la mtoto. Akasogea, zikawa mbili, pale walipoanzia siku ile ya kwanza kabisa. Mbele yao kiwanda kilikuwa kimeshaanza kunguruma, na mume wake aliongeza mwendo kama mtu anayeitwa na sauti anayoijua. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinacheza ubavuni, vinafunga nyuzi.

Hyasinta angeweza kumshika bega. Angeweza kupiga kelele, mtaa mzima ukaamka. Alikaza hatua mpaka pumzi yake ikawa karibu iguse kola ya shati, lile alilolipiga pasi mwenyewe jana.

“Bernado,” alisema, kwa ile sauti ndogo, “geuka.”